Droo za idara ya dharura: uchambuzi wa kisa cha Cincinnati katika ajira ya vijana wenye ulemavu wa akili

Mwaka 1996, Hospitali ya Watoto ya Cincinnati, jimbo la Ohio nchini Marekani, ilikuwa na tatizo ambalo muuguzi wa hospitali yoyote ya rufaa hapa kwetu atalitambua mara moja. Vifaa vilikuwapo stoo, lakini havikuwapo pale mgonjwa alipolazwa. Idara ya dharura ya watoto ina ugumu wake wa pekee. Mtoto wa siku tatu na kijana wa miaka kumi na sita wanaingia mlango mmoja, kwa hiyo karibu kila kitu kinatakiwa kwa saizi nyingi: kanula (mirija ya kuingizia dawa mshipani) nyembamba na nene, barakoa za oksijeni ndogo na kubwa, mirija ya kupumulia ya kila kipimo. Ukivuta droo ukakuta saizi unayoitaka haipo, zile nyingine zilizojaa pomoni hazikusaidii kitu.

Erin Riehle, muuguzi aliyekuwa akiiongoza idara hiyo, alijua kwamba kazi ya kujaza droo ina mtu wake. Shida ni kwamba mtu huyo hakai. Anayeajiriwa kujaza vifaa mara nyingi ni mtu anayetafuta pa kuingilia hospitalini. Moyo wake uko kwenye nafasi nyingine, na akiipata tu anahama. Anakuja mwingine, anafundishwa upya, naye anaondoka. Katikati hapo droo zinabaki na mapengo, na muuguzi anayepaswa kuwa na mtoto anakimbia stoo.

Riehle alikuwa na jambo la pili kichwani. Hospitali yake ilikuwa ikitibu watoto wengi wenye ulemavu wa ukuaji na wa akili. Watoto hao wanakua, wanamaliza shule, halafu? Hospitali inayowajua kama wagonjwa kwa miaka yote hiyo ilikuwa haina hata mmoja wao kwenye ratiba ya zamu. Akayaunganisha mambo haya mawili: kuna kazi isiyopata mtu wa kudumu nayo, na kuna watu wasiopata kazi. Hapo ndipo ulipoanzia mpango unaoitwa Project SEARCH, ambao leo una vituo zaidi ya 600 katika nchi kadhaa.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu ajira ya vijana wenye mahitaji maalumu huanza na huruma na huishia hapo. Huyu mama alianza na droo, na kwa maoni yangu karibu kila kilichofanikiwa baadaye kinatokana na mwanzo huo.

Kabla ya kuendelea, inafaa kukumbuka watu kama hao walikuwa wakipewa kazi gani. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani ya mwaka 1938 ina kifungu kinachoruhusu mwajiri mwenye kibali maalumu kumlipa mtu mwenye ulemavu chini ya kima cha chini cha mshahara. Chini ya kifungu hicho zikaota karakana za kujitenga: ukumbi mmoja, watu wenye ulemavu watupu, wanafunga mifuko au wanapanga skrubu, wanalipwa kwa kipande, miaka inakwenda. Waliopata kazi nje ya karakana walipewa ufagio au sinki la vyombo. Dhana ilikuwa kwamba mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kazi nyepesi tu, na kazi nyepesi ni kusafisha.

Dhana hiyo ilikuwa imeshavunjwa muda mrefu na wataalamu, ila habari haikuwafikia waajiri. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Marc Gold, mtafiti wa Illinois, aliwafundisha watu wenye ulemavu mkubwa wa akili kuunganisha breki ya baiskeli yenye vipande 15. Alichofanya ni kuigawa kazi hatua kwa hatua, akafundisha hatua moja mpaka ikakaa, ndipo akaenda ya pili. Watu walioambiwa hawawezi lolote wakawa wanaunganisha breki. Kufikia mwaka 1986, marekebisho ya sheria ya urekebishaji ya Marekani yaliitambua rasmi ajira yenye usaidizi, yaani mtu anaingizwa kwenye kazi ya kawaida kwanza, anafundishwa akiwa pale pale, na mwenye kumfundisha anakuwa naye. Kwa hiyo Riehle hakugundua njia mpya ya kufundisha. Alichokuwa nacho, na wataalamu wale hawakuwa nacho, ni funguo za idara. Yeye ndiye mwajiri.

Tena alikuwa mwajiri mwenye kuijua kazi yake kwa undani. Aliona kwamba kujaza droo za dharura ni kazi yenye mambo mengi, na wakati huo huo ina utaratibu usiobadilika. Droo ile ile, vitu vile vile, idadi ile ile, kila zamu. Kosa lina uzito, kwa sababu saizi ikichanganyika mtoto anaumia, lakini kanuni ya kuepuka kosa ni moja na haina mjadala. Vijana wengi wenye usonji, au wenye ulemavu wa akili wa kiwango cha kati, wanafanya vizuri sana katika kazi ya aina hii wakishaishika. Kule kurudiarudia kunakomchosha mwenye kutamani kupanda cheo ndiko kunakompa mwingine uhakika. Anajua siku itakwendaje, na anajua akimaliza amemaliza.

Kikwazo cha kwanza hakikuwa vijana. Kilitoka kwa wale wenye jukumu la kuwasaidia. Marekani, shule ina watu wake, bodi ya ulemavu ya wilaya ina watu wake, idara ya jimbo ya urekebishaji ina watu wake, na mashirika binafsi yana wa kwao. Kila mmoja anamleta mtu wake na msimamizi wake, fomu yake na utaratibu wake. Mkuu wa idara yenye wagonjwa mlangoni hawezi kupokea simu za taasisi tano kuhusu mfanyakazi mmoja. Kijana akikosea au akikosa kufika, mkuu huyo hajui ampigie nani, na kila anayempigia anamwelekeza kwa mwingine.

Riehle akashirikiana na Susie Rutkowski, aliyekuwa akisimamia elimu maalumu katika mtandao wa vyuo vya ufundi wa Great Oaks, pamoja na bodi ya ulemavu ya Hamilton, wilaya ambamo Cincinnati imo. Wakakubaliana kwamba hospitali itakuwa na mtu mmoja tu wa kuongea naye, na usaidizi utaletwa na timu moja iliyo ndani ya jengo. Fedha zitoke katika mafungu tofauti, hilo ni lao wenyewe kulipanga huko nyuma. Mkuu wa idara asilione. Ni jambo la kiutawala lisilovutia kulisimulia, na nadhani ndiyo maana wanaoiga mpango huu hulipuuza. Wanachukua darasa, wanachukua sare, wanaacha simu moja.

Mpango ulianza na watu wazima walioajiriwa moja kwa moja idarani. Baada ya hapo ukaja ule mwaka wa mafunzo kwa vijana wa shule, na huo ndio uliosambaa duniani. Marekani kijana mwenye mahitaji maalumu ana haki ya kubaki shuleni mpaka miaka 21, katika majimbo mengine zaidi kidogo. Mwaka wake wa mwisho, badala ya kukaa darasani akirudia yale yale, anauhamishia hospitalini. Kundi ni dogo, kwa kawaida vijana kati ya wanane na kumi na wawili. Wanakuwa na chumba chao ndani ya hospitali na mwalimu wa elimu maalumu anayelipwa na shule, pamoja na wakufunzi wa kazini.

Asubuhi wanakutana na mwalimu kwa muda wa kama saa moja: namna ya kumwambia bosi kwamba hujaelewa, namna ya kupokea lawama, fedha, mavazi, usafi wa mwili. Halafu kila mmoja anakwenda idarani kwake na kufanya kazi kwa saa kadhaa. Chakula cha mchana wanakula kantini na wafanyakazi wengine. Jioni wanarudi kwa mwalimu kidogo kupitia siku ilivyokwenda. Kwa mwaka mzima kijana anapita idara tatu, kila moja kwa takribani wiki kumi, na kabla ya kila moja anafanyiwa usaili na mkuu wa idara hiyo. Kufika shuleni, ambako sasa ni kazini, ni juu yake. Mwanzoni anafundishwa kupanda basi: lipi, kituo gani, afanye nini likimpita.

Sasa tuisogelee kazi yenyewe. Chukua kijana asiyeweza kuhesabu kwa uhakika kupita tano, na droo inatakiwa iwe na kanula kumi za saizi fulani. Mwalimu wa kawaida ataanza kumfundisha kuhesabu, na mwaka utaisha kijana yuko kwenye saba. Mkufunzi wa kazini anauliza swali lingine: lazima kuhesabu? Anachukua ubao mwepesi, anachora juu yake michoro kumi ya umbo la pakiti ile, anaupaka rangi ile ile iliyo kwenye lebo ya droo. Kijana anaweka pakiti moja juu ya kila mchoro. Michoro ikijaa, kumi zimetimia, anazibeba na kuzimimina ndani ya droo. Ndani ya kifuniko kumebandikwa picha ya droo ilivyo ikiwa kamili, analinganisha, anaweka tiki kwenye karatasi, anahamia droo inayofuata. Mbinu hii ni ya kawaida kabisa katika ajira yenye usaidizi, na gharama yake ni kipande cha kadibodi. Ukiitazama vizuri utaona kitu kingine: muuguzi mwenye shahada, saa kumi usiku, amechoka, naye angejaza droo kwa usahihi zaidi akiwa na ubao ule na picha ile.

Mkufunzi hakai milele. Siku za kwanza anasimama bega kwa bega na kijana. Akiona hatua zimekaa, anarudi nyuma, kisha anakuwa ukumbini, kisha anapita mara moja tu. Nafasi yake inachukuliwa na wafanyakazi wa idara yenyewe, na hili linahitaji ustadi, kwa sababu mkufunzi mzuri kupita kiasi anaweza kuwa ukuta. Wafanyakazi wakimzoea yeye, watampelekea maagizo yote yeye, na kijana atabaki kuwa mtu wa mkufunzi. Muuguzi anatakiwa azoee kumwambia kijana mwenyewe: "Chumba namba nne glavu zimeisha."

Vijana hawa wameingia pia katika vyumba vya kusafishia na kufungashia vifaa vya upasuaji, ambako kila trei ina orodha yake na mpangilio wake, katika maabara, katika kliniki za meno, katika kupeleka sampuli. Hizi ni kazi ambazo mwajiri asingewahi kuzifikiria angeulizwa tu, "Una kazi gani inayomfaa mtu mwenye ulemavu?" Swali hilo huleta ufagio kila mara. Riehle alijiuliza kazi gani inamsumbua yeye.

Kwa nini mafunzo yafanyike hospitalini, yasifanyike chuoni kwanza? Walimu wa elimu maalumu wanalijua jibu kuliko mimi. Kijana mwenye ulemavu wa akili anaweza kujifunza jambo mahali fulani akaliweza kabisa, ukimhamishia kwingine linapotea. Akijifunza kukunja shuka katika karakana ya shule, kwenye meza ya shule, na mwalimu wake pembeni, amejifunza kukunja shuka hapo. Wodi ina kelele, ina harufu, ina watu wanaokatiza, ina msimamizi mwenye sauti nyingine. Kumfundisha mahali atakapofanyia kazi kunaondoa daraja zima ambalo wengi huangukia.

Na usaili? Usaili wa kazi unapima kujieleza. Mtu anakaa mbele ya watu watatu asiowajua na anajibu maswali ya kubuni kuhusu mambo ambayo hayajatokea. Ni mtihani ambao kijana mwenye usonji anaweza kuufeli huku akiwa ndiye mjazaji bora wa droo katika mji mzima. Wiki kumi za kuonekana akifanya kazi zinampa mwajiri ushahidi ambao hakuna usaili ungeutoa. Ndiyo maana wengi wa wanaoajiriwa huajiriwa na mtu aliyekwisha kuwaona, au kwa barua ya mtu aliyewaona.

Matokeo yamepimwa. Utafiti ninaouamini zaidi ulifanywa na timu ya Paul Wehman wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth, katika hospitali za eneo la Richmond, ukachapishwa mwaka 2014. Waliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 21 wenye usonji, wakawagawa kwa bahati nasibu: 24 waliingia katika mwaka wa hospitalini wenye usaidizi wa ziada wa usonji, 16 waliendelea na shule kama kawaida. Mwisho wa mwaka, 21 kati ya wale 24 walikuwa na kazi za malipo. Katika kundi la pili alikuwa mmoja. Kundi ni dogo, na mtu anaweza kusema hospitali zile zilikuwa na moyo wa pekee. Hata hivyo pengo la asilimia 87.5 na 6.25 haliwezi kuelezwa kwa bahati, na vijana wa makundi yote mawili walikuwa wa aina moja. Tofauti ilikuwa mahali walipoutumia mwaka wao wa mwisho.

Mpango huu una madoa, na mimi sipendi kuyafunika. Mwaka ule wa mafunzo hauna malipo. Watetezi wake wanasema ni mwaka wa shule, kijana anajifunza, na anahamishwa idara ili asigeuzwe kibarua wa bure. Naikubali hoja hiyo pale tu kazi inapopatikana mwishoni. Kituo ambacho mwaka hadi mwaka kinapokea vijana kumi na kuajiri wawili kinajaziwa droo bure. Ndiyo maana lengo lililoandikwa na waanzilishi ni kazi halisi: ya mwaka mzima, saa zisizopungua 16 kwa wiki, mshahara ule ule wanaolipwa wengine kwa kazi hiyo, pamoja na watu wasio na ulemavu. Kwa kipimo hicho kituo kinaweza kuulizwa.

Doa jingine ni mchujo. Kijana huchaguliwa kwa kuangalia kama anataka kazi na kama anaweza kufika na kujihudumia. Anayehitaji mtu wa kumlisha au kumbadilisha nguo kwa kawaida habaki kwenye orodha. Kwa hiyo takwimu za mafanikio ni za walioingia, na wale wenye ulemavu mzito zaidi hazisemi kitu juu yao.

Halafu kuna hofu ya wazazi, na hii inastahili kueleweka badala ya kukemewa. Marekani, mtu mwenye ulemavu asiye na kipato hupata posho ya SSI, na kwa wengi posho hiyo ndiyo mlango wa bima ya matibabu. Mpokeaji haruhusiwi kuwa na akiba inayozidi dola 2,000, kiwango ambacho hakijapanda tangu mwaka 1989. Akianza kulipwa mshahara, baada ya kiasi kidogo cha mwanzo, posho inakatwa dola 1 kwa kila dola 2 anazochuma. Kwa hesabu, mwenye kazi bado anabaki na fedha nyingi kuliko asiye na kazi. Lakini mama aliyehangaika miaka mingi kuipata ile bima haoni hesabu. Anaona kitu cha uhakika kinaondoka na kitu cha majaribio kinakuja: kazi ikifa baada ya miezi sita, je, posho itarudi? Programu zilizofanya vizuri zilimweka mtu wa kukaa na familia mezani, kalamu mkononi, mwezi kwa mwezi, kabla kijana hajasaini mkataba. Mahali ambapo hakuna aliyefanya hivyo, wazazi walikataa kazi zilizokwisha kupatikana.

Nchini Uingereza, mpango uliingia kupitia hospitali na halmashauri, na England kwa ujumla ina mafunzo kazini yenye usaidizi kwa vijana wa miaka 16 hadi 24 wenye mpango rasmi wa elimu, afya na matunzo. Uhitaji ni mkubwa: kati ya watu wazima wenye ulemavu wa akili wanaojulikana na huduma za ustawi wa jamii huko, wenye kazi ya malipo ni takribani watano katika kila mia. Hiyo ni nchi tajiri yenye sheria nzuri. Asiyeamini kwamba sheria peke yake haiajiri mtu, atazame namba hiyo.

Sheria hata sisi tunazo. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Tanzania, Na. 9 ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Katiba ya Kenya, ibara ya 54, inataka hatua kwa hatua angalau asilimia 5 ya wanaochaguliwa na kuteuliwa katika vyombo vya umma wawe watu wenye ulemavu. Ni hatua za heshima. Ila mwajiri akitaka kuitimiza asilimia yake, atamtafuta mhasibu anayetembelea magongo, na ana haki ya kumtafuta, maana mhasibu huyo naye amenyimwa kazi kwa muda mrefu. Kijana mwenye ulemavu wa akili hafikiwi. Tangazo la kazi ya uhudumu linataka cheti cha kidato cha nne. Yeye amesoma kitengo cha elimu maalumu cha shule ya msingi na hana cheti cha kuonyesha. Anakwama kabla ya mtu yeyote kuona mikono yake inaweza nini.

Njia yetu kubwa ya pili ni mikopo. Halmashauri za Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Imewainua mafundi viatu, washonaji, wafugaji wa kuku. Lakini mkopo unadai mtu anayeweza kuendesha biashara, kukokotoa faida, kubishana bei na kukumbuka marejesho. Kijana tunayemzungumzia hapa anaweza kuwa mfanyakazi hodari asiyefaa kabisa kuwa mfanyabiashara, kama walivyo watu wengi wasio na ulemavu wowote. Kumwambia ajiajiri ni kumtwisha mzigo mzito kuliko ajira.

Kuna pia kazi nzuri ya Neema Crafts pale Iringa, iliyoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, ikianza na vijana viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Ikakua ikawa karakana kadhaa na mgahawa ambao wahudumu wake ni viziwi. Hiyo ni njia tofauti na ya Cincinnati: sehemu ya kazi inajengwa kuwazunguka watu wenye ulemavu wenyewe. Wasomaji waliowahi kula pale wanajua haina uhusiano wowote na zile karakana za kupanga skrubu. Inahitaji soko, mtaji na uongozi wa pekee, kwa hiyo haiwezi kuwa katika kila wilaya. Hospitali iko karibu katika kila wilaya.

Ndipo ninapoona kisa cha Cincinnati kinatugusa. Hospitali ya wilaya yoyote ina kazi za namna ile: kukunja na kupanga pamba na gozi za kuchemshwa, kujaza toroli za wodini, kupanga mafaili ya wagonjwa kwa namba, kupeleka sampuli maabara, kukunja shuka na kuzigawa kwa wodi. Nyingi zinafanywa na wauguzi waliotakiwa wawe kwa mgonjwa. Mwenye kujua ipi inakwama ni muuguzi kiongozi, na aanze yeye kusema, kama alivyoanza Riehle. Ofisa ustawi akifika na orodha ya vijana wanaotafutiwa chochote, tutarudi kwenye ufagio.

Na tuna jambo moja ambalo Cincinnati ililihangaikia sana, kwetu limerahisishwa na mfumo wenyewe. Kule shule, bodi ya ulemavu na hospitali ni taasisi tofauti zilizobidi zishonwe pamoja kwa mikataba. Huku Tanzania hospitali ya wilaya na shule ya msingi yenye kitengo cha elimu maalumu zote ziko chini ya halmashauri moja, mkurugenzi mmoja. Mwalimu wa kitengo, pengine aliyesomea Patandi, chuo cha ualimu wa elimu maalumu, anazijua hatua ndogo ndogo za kufundisha kazi, anawajua vijana wake kwa majina na tabia, na mshahara wake tayari unalipwa na serikali. Wakubwa katika kitengo hicho mara nyingi wameshavuka umri wa shule ya msingi na wanasubiri tu siku ya kurudishwa nyumbani. Kumhamishia mwalimu huyo hospitalini asubuhi nne kwa wiki, na vijana watano au sita, hakuhitaji mradi wa wafadhili. Kunahitaji barua ya mkurugenzi, chumba kimoja karibu na stoo, nauli ya vijana, na ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa) ya mwaka unaofuata kuwa na nafasi walau mbili za wahudumu zisizodai cheti cha kidato cha nne. Hiyo nafasi ya ikama ndiyo ngumu kuliko yote, na ipiganiwe kabla kijana wa kwanza hajavaa sare, ili mwaka wake wa mafunzo uwe na mahali pa kuishia.